Tita, Si Bando: Historia Fupi ya Istilahi za Kufunga Moduli, Ikitazamwa kutoka Masasi na Newala

Kiswahili hakina neno moja tu la vitu vilivyofungwa pamoja; kinayo mengi, na kila moja lina kazi yake. Kuni hufungwa tita, mpunga uliovunwa hufungwa mganda, mchicha huuzwa kwa kicha, noti huhesabiwa kwa bunda, pamba husafirishwa kwa robota, na msafiri asiye na sanduku hubeba vyake vyote katika furushi. Msikilizaji akilisikia jina la fungu amekwisha kujua kilichomo ndani na namna kilivyofungwa. Utajiri huu ndio unaomtia mashakani mwanaistilahi anapoletewa kitu kipya kilichofungwa ambacho wenye lugha hawajakubaliana bado kukiita nini.

Kitu chenyewe ni programu itumiwayo na mafundi wa tovuti. Siku hizi fundi haandiki tovuti yake katika faili moja. Huiandika katika vipande vidogo vidogo, kila kimoja na kazi yake, navyo huitwa moduli; kisha huazima moduli nyingine mamia kwa mamia zilizoandikwa na watu asiowajua. Kabla tovuti haijapelekwa kwa wasomaji, programu ile huanza na faili moja la mlangoni, husoma ni moduli zipi zinazohitajiwa humo, huziendea hizo na kusoma zinazohitajiwa nazo, na kuendelea hivyo mpaka mwisho wa mnyororo. Baada ya hapo huziandika zote upya katika faili moja au mafaili machache. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chombo hicho kilivyozaliwa, na kupima maneno yetu wenyewe ili kuona ni lipi linaloweza kulibeba jina lake bila kumpotosha mwanafunzi.

Lugha ya JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape, na inajulikana sana kwamba kazi ya kwanza ilichukua siku kumi. Ilikuwa lugha ya mapambo: kukagua fomu kabla haijatumwa, kubadili picha, kutoa onyo. Haikupewa njia yoyote ya kugawanya programu katika moduli, wala hakuna aliyeiona haja hiyo. Mambo yalibadilika pale tovuti zilipoanza kufanya kazi za programu kamili. Gmail ilipotokea mwaka 2004, watu waliona ukurasa unaojibadili wenyewe bila kuletwa upya kutoka kwenye seva. Huo ndio mwanzo wa kuenea kwa zile tunazoweza kuziita programu za ukurasa mmoja: seva hupeleka ukurasa mmoja ulio karibu mtupu, pamoja na msimbo wa JavaScript, na kivinjari cha msomaji ndicho kinachochora yaliyobaki yote. Vikafuata viunzi vya kurahisisha ujenzi wa programu hizo: AngularJS mwaka 2010, React mwaka 2013 (ambayo wenyewe wanapenda kuiita maktaba), na Vue mwaka 2014.

Wakati huohuo msimbo ulikuwa ukirundikana. Mwaka 2009 Ryan Dahl alitoa Node.js, iliyoiwezesha JavaScript kuendeshwa nje ya kivinjari, na mwaka huohuo ukaanzishwa utaratibu wa moduli ulioitwa CommonJS. Mwaka 2010 ikaja npm, ghala la moduli lililo wazi kwa kila mtu. Lakini kivinjari hakikuufahamu utaratibu wa CommonJS. Ndipo James Halliday akatengeneza Browserify mwaka 2011, chombo cha kuzikusanya moduli hizo na kuziunganisha ili kivinjari kizisome. Mwaka 2012 Tobias Koppers, Mjerumani aliyekuwa bado mwanafunzi, akaanza webpack. Yafaa ikumbukwe kwamba haja yake ya kwanza haikuwa kufunga kila kitu pamoja, bali kukigawa kile kilichofungwa katika sehemu ambazo zingeletwa pale tu zinapohitajiwa. Nitarudi kwenye jambo hili, maana ndilo linaloamua swali la jina.

Kwa nini moduli zifungwe? Kwa nini kisiletwe kila kipande kwa wakati wake? Jibu la mafundi ni la hesabu, lakini wakazi wa Newala wanalo jibu la miguu. Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ukitazama bonde la Ruvuma chini kabisa. Juu huko hakuna mto wala kijito. Udongo wa mchanga huyanywa maji ya mvua mara yanapoanguka. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Masasi na Newala mwaka 1906, alikuta watu wakiteremka mbali mpaka kwenye chemchemi zilizo chini ya mteremko, kisha wakipanda na maji. Mpaka ulipokuja mradi wa kuyasukuma maji kwa mitambo katika miaka ya 1950, na hata baada yake kila mitambo ilipoharibika, gharama ya maji kwa mwanamke wa Newala haikuwa maji yenyewe. Maji ya chemchemi hayauzwi. Gharama ilikuwa safari. Mtu anayelipa safari nzima hawezi kuteremka kuchota kata moja, akapanda, akagundua chumvi inataka maji zaidi, akateremka tena.

Ndivyo ilivyo baina ya kivinjari na seva. Kivinjari kilicho Masasi kikiomba moduli ya kwanza husubiri ombi liende na jibu lirudi. Kikiisoma hukuta inataka ya pili. Huomba tena na kusubiri tena. Tuseme kila safari inachukua sehemu mbili za kumi za sekunde, na mnyororo una moduli kumi zinazotegemeana moja baada ya nyingine: sekunde mbili zimekwisha kabla herufi moja haijaonekana, hata kama moduli zote kumi kwa uzito wake ni kitu kidogo. Tena vivinjari, chini ya kanuni ya zamani ya HTTP, vilikuwa na desturi ya kutofungua njia zaidi ya sita kwa seva moja kwa wakati mmoja. Kanuni mpya ya HTTP/2 ya mwaka 2015 iliondoa kikwazo hicho cha njia sita, na wengi wakatangaza kwamba vyombo vya kufunga moduli vimekwisha kazi. Havikwisha. Njia zilipanuliwa, lakini mteremko ulibaki palepale: asiyejua kwamba anahitaji ndoo ya pili hawezi kuiomba mpaka aifungue ya kwanza.

Hapa naomba niliache jambo la mitambo kidogo nizungumzie lugha, kwa kuwa Masasi si pageni katika historia ya Kiswahili sanifu. Askofu Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, aliongoza mwaka 1876 kundi la watu waliokombolewa utumwani, kwa njia ya Lindi, mpaka Masasi, wakafanya makazi hapo. Walikuwa na nia ya kufika Ziwa Nyasa, wakabaki. Hivyo Kiunguja kilipata kituo katikati ya wasemaji wa Kiyao, Kimakua na Kimakonde zaidi ya miaka hamsini kabla ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Swali la ni neno gani la pwani litakaloeleweka bara, na ni neno gani la bara linalostahili kuingia katika sanifu, ni la zamani huko kuliko Baraza la Kiswahili la Taifa lenyewe, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967.

Kompyuta nazo zina historia yake nchini. Ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Miaka hiyohiyo ya 1970 ndiyo Baraza lilipoanza kutoa orodha zake za istilahi kwa jina la Tafsiri Sanifu. Kwa maoni yangu hii ni sababu mojawapo, ingawa si ya pekee, ya istilahi za kompyuta kuchelewa kuliko za utawala, sheria na ufundi mwingine: neno haliwezi kukomaa mahali ambapo kitu chake hakipo. Mashine ziliporudi, maneno yalikuja kwa vishindo. Likaja tarakilishi, ambalo shule za Kenya zimelipokea na Watanzania wengi wamelipisha kando wakabaki na kompyuta. Mwaka 2003, chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika Masasi, ilitolewa Sera ya Taifa ya TEHAMA. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizoandikwa Kiswahili. Na mwaka 2009 waya wa kwanza wa baharini ukafika Dar es Salaam.

Tukiyatazama maneno ya kipindi hicho yaliyoshika, tunaona jambo moja la kufaa. Kupakua lilikuwa neno la jikoni na la bandarini kabla halijawa la intaneti: chakula hupakuliwa kutoka chunguni, shehena hupakuliwa kutoka chomboni. Kivinjari kimetokana na kuvinjari, yaani kuzungukazunguka majini kwa chombo. Hakuna aliyelazimika kuelezwa. Kitendo cha mkono au cha chombo kilikuwa tayari kichwani mwa msikilizaji. Mfano mwingine hautoki katika kompyuta kabisa. Ugonjwa ulioiangamiza mikorosho ya Kusini katika miaka ya 1980 una jina la kisayansi ambalo hakuna mkulima alijuaye, lakini ubwiri unga unajulikana na kila kaya ya Masasi, Newala na Tandahimba, pamoja na salfa yake. Tena mikoa hiyo ina kumbukumbu ya uchungu ya vitu vilivyojengwa kabla ya kupimwa. Mavuno ya korosho nchini yalifikia kiasi cha tani 145,000 msimu wa 1973/74. Vikajengwa viwanda vikubwa vya kubangulia, Masasi na Newala vikiwemo. Na kabla havijaweza kufanya kazi kikamilifu mavuno yakaporomoka mpaka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Orodha za istilahi nazo zaweza kuwa majengo ya namna hiyo.

Turudi sasa kwenye fungu letu. Neno linalokuja upesi ulimi mwa kijana ni bando, nalo kwa asili ni lilelile la Kiingereza. Tatizo ni kwamba bando limekwisha kupata mwenyewe: ni kiasi cha intaneti anachonunua mtu kwa ajili ya simu. Kifurushi vilevile kimechukuliwa na kampuni za simu kwa maana hiyohiyo. Mwalimu akisema tovuti hii ina bando kubwa, mwanafunzi ataelewa kinyume, kwamba tovuti inampa intaneti nyingi, kumbe maana yake ni kwamba inamlia. Mgongano huu si wa mzaha, kwa kuwa vitu hivi viwili vinakutana katika mfuko wa mtu mmoja: ukubwa wa fungu alilolifunga fundi unalipwa kwa bando la msomaji. Lugha isiyoweza kuvitenganisha haiwezi kulisema lalamiko hilo.

Robota lina heshima yake, lakini robota hushindiliwa kwa mashine, na kilichomo ni cha namna moja. Bunda ni la vitu vilivyo sawa kwa umbo, kama noti au karatasi. Furushi hufungwa kwa haraka na hufichwa kilichomo. Mganda ungefaa, ila mashina yake yote yametoka shamba moja. Limebaki tita. Mchanja kuni huchagua. Hukusanya vijiti vya miti mbalimbali, virefu na vifupi, huacha vibichi, huvipanga, huvifunga kwa kamba moja, na kwa sababu moja tu: aende safari moja. Tena tita likizidi uzito halibebeki, na mwenye busara hufunga mawili. Kila sehemu ya maelezo hayo inakubaliana na kazi ya webpack na ndugu zake, pamoja na ile haja ya kwanza ya Koppers ya kugawa. Kwa hiyo napendekeza fungu liitwe tita, na chombo kiitwe kifungatita, kwa kufuata mtindo wa kipimajoto na kinasasauti, ambao umekwisha kuzoeleka. Kugawa msimbo kutakuwa ni kugawa tita, bila haja ya neno jipya.

Moduli liachwe kama lilivyo. Walimu wamelizoea kwa maana iliyo karibu sana na hii. Kiunzi nacho kinafaa, kwa kuwa ni lile umbo la mbao linaloshika kitu kabla hakijavikwa.

Neno la kuangaliwa kwa makini ni lile la moduli ambayo moduli nyingine inaihitaji. Tafsiri inayojitokeza mara kwa mara ni tegemezi, nayo imepinduka kichwa chini. Mtegemezi ni mtoto, si mzazi. Ni yule anayeegemea. Tunachotaka kukitaja ni kile kinachoegemewa, na hicho Kiswahili hukiita tegemeo. Makosa ya namna hii hayaonekani katika orodha, ila mwanafunzi anayechora mishale kati ya moduli zake atachora yote ikielekea upande usio wake.

Kadhalika kuna kazi moja ya kifungatita ambayo Waingereza huiita kutikisa mti. Rich Harris aliieneza mwaka 2015 kwa chombo chake Rollup, ingawa maneno yenyewe yalitumiwa zamani na watu wa lugha ya Lisp. Maana yake ni kuondoa katika tita msimbo ambao hakuna anayeuita. Picha iliyo kichwani mwao ni ya mti unaotikiswa ili majani makavu yaanguke na mabichi yabaki. Mtu wa Masasi akitafsiriwa hivyo neno kwa neno atashangaa. Mkorosho hautikiswi: korosho iliyokomaa huanguka yenyewe na mkulima huiokota chini, atikisaye huangusha changa. Mwembe, nao, hutikiswa ili embe zianguke, na kinachoanguka ndicho kitakiwacho. Katika mifano yote miwili picha imegeuka. Lakini mkulima huyohuyo, baada ya mavuno, hupogoa mikorosho yake, akiondoa matawi makavu na yale yaliyosongamana yasiyozaa. Basi na tuseme kupogoa, na kazi hiyo iitwe upogoaji.

Na iko kazi nyingine, ya kuuondolea msimbo nafasi tupu, mistari ya maelezo na majina marefu, ili upungue uzito bila kubadili kazi yake. Hapa naona hakuna haja ya kwenda mbali. Sehemu kubwa ya uzito wa korosho ghafi ni ganda, na kuiondoa huitwa kubangua. Msimbo ghafi, msimbo uliobanguliwa: sidhani kama yupo mtu kati ya Masasi na Tandahimba atakayeomba maelezo. Huenda msomaji wa Mwanza au Kigoma akalalamika kwamba neno ni la Kusini mno. Namjibu kwamba kuvinjari nako kulikuwa kwa pwani mno, na leo kila mtu anavinjari.

Pengine itasemwa kwamba kazi yote hii ni ya bure, maana vyombo vyenyewe vinabadilika kila mwaka. Ni kweli vinabadilika. Tangu mwaka 2015 JavaScript imekuwa na utaratibu wake rasmi wa moduli, na vivinjari vimeukubali. Mwaka 2020 Evan You, yule wa Vue, alitoa Vite, ambayo fundi anapokuwa bado kazini humpelekea moduli zake mojamoja pasipo kuzifunga, kwa kuwa seva iko mezani pake na safari haina gharama. Lakini tovuti inapotoka kwenda kwa wasomaji, Vite nayo hufunga. Anayekaa karibu na chemchemi huchota kata kwa kata, na wa juu mlimani hubeba ndoo iliyojaa. Maneno tita, tegemeo, kupogoa na kubangua hayategemei chombo kipi kinatawala mwaka huu.

Wala tovuti hizi si anasa ya mjini. Wakulima wa Masasi na Newala wameuza korosho zao kwa stakabadhi ghalani tangu mwaka 2007, na katika msimu wa 2024/2025 minada ya vyama vikuu vyao, MAMCU na TANECU, iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mkulima anayetaka kujua bei ya kilo kwa simu yake anapakua tita la mtu fulani, na kulilipia. Kijana wa Newala atakayejifunza kulipunguza tita hilo hatakuwa na faida kwetu ikiwa somo lenyewe litamfikia kwa maneno yanayomchorea picha za kinyume.

Limebaki neno moja ambalo limejadiliwa na wenzangu kwa ukali. Msimbo ukishabanguliwa, kosa likitokea haliwezi kufuatiliwa mpaka kwenye mstari wake wa asili. Kwa hiyo kifungatita hutoa faili la pembeni linaloonyesha kila kipande kimetoka moduli gani na mstari wa ngapi. Mmoja wetu alitaka liitwe stakabadhi, kwa mfano wa karatasi ya ghalani inayotaja korosho ni za nani. Nilivutiwa, kisha nikakataa. Stakabadhi humtaja mwenye mali na uzito, haionyeshi mahali. Tena ukiipoteza umepoteza haki, hali faili hili likipotea tita hufanya kazi vilevile. Ramani ya chanzo inatosha.